Kwa Maslahi ya Taifa Lipi?

Mwalimu wa chuo kikuu huandika mambo mengi katika maisha yake: mihadhara, mitihani, ripoti za kamati na, akijaliwa, makala chache za utafiti. Lakini iko aina moja ya uandishi ambayo haimo katika orodha ya kazi zake wala haimpandishi cheo, nayo ni barua ya ushuhuda. Tangu nistaafu kufundisha baiokemia, maandishi yangu mengine yamekwisha kazi yake, ila barua hizo bado naombwa. Na siku hizi aghalabu haziendi chuo kingine, bali huenda kwa maofisa wa uhamiaji wa Marekani, kumshuhudia mtafiti wa tiba anayetaka kupewa ukaazi wa kudumu huko.

Nimekwisha kuandika kadhaa. Na kwa kuwa sipendi kutia sahihi chini ya jambo nisilolielewa, nilianza kusoma historia ya maombi haya: yalianza lini, yanataka nini, na yanamfunza mtu kujieleza vipi. Niliyoyapata nayaweka hapa kwa sababu naamini yanatuhusu sisi wa huku kuliko tunavyodhani.

Tuanze na sheria yenyewe kama ilivyotungwa mwaka 1990. Mwaka huo Bunge la Marekani lilitenga nafasi zipatazo 140,000 kila mwaka kwa wahamiaji wa kazi, na katika idadi hiyo wake, waume na watoto wao nao huhesabiwa. Kwa mtafiti wa tiba zilifunguka njia tatu kubwa. Ya kwanza ni ya mtu mwenye kipaji kisicho cha kawaida, ambaye anaweza kujiombea mwenyewe bila mwajiri. Ya pili ni ya profesa au mtafiti mashuhuri mwenye uzoefu wa miaka 3 au zaidi, ambaye huombewa na chuo au maabara inayomwajiri. Ya tatu ni ya mtu mwenye shahada ya juu anayeomba asamehewe sharti la kuwa na mwajiri na kuthibitisha kwamba hakuna Mmarekani wa kuifanya kazi hiyo. Msamaha huo hutolewa, sheria inasema, ikiwa ni kwa maslahi ya taifa.

Kwa njia ya kwanza kanuni zimetaja vigezo 10, na mwombaji asiye na tuzo kubwa ya kimataifa hana budi kutimiza angalau 3. Je, umepata tuzo? Je, magazeti yameandika habari zako? Je, umewahi kuitwa kuhakiki kazi za wenzako? Je, umechangia jambo jipya lenye uzito? Je, umechapisha makala za kitaalamu? Je, unalipwa mshahara mkubwa kupita wenzako? Na hata ukivitimiza, tangu mahakama moja ya rufani ilipotoa hukumu katika kesi ya mwanafizikia Kazarian mwaka 2010, ofisa huhesabu kwanza vigezo, kisha hupima tena uzito wa mambo yote kwa pamoja. Ndiyo maana bahasha ya mtafiti mmoja huwa nene kama msahafu: makala zake, hesabu ya mara ngapi zimetajwa na wengine, na barua za ushuhuda kutoka kwa wataalamu. Barua za wale ambao hawakuwahi kufanya naye kazi hupewa uzito zaidi, maana hudhaniwa kuwa hazina upendeleo.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Sheria ya mwaka 1924 haikuuliza mtu anajua nini, iliuliza ametoka wapi. Kila nchi ilipewa kiwango chake, na viwango hivyo vilipangwa ili watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi wawe wengi. Nchi nyingi nyingine zilibakiziwa nafasi 100 tu kwa mwaka, na watu wengi wa Asia walizuiwa kabisa. Lakini katika ukuta huo waliacha tundu dogo. Mhubiri wa dini, au mwalimu wa chuo aliyefundisha kwa miaka 2 mfululizo kabla ya kuomba, aliweza kuingia nje ya kiwango.

Tundu hilo liliokoa maisha. Wanazi walipoanza kuwafukuza wasomi wa Kiyahudi vyuoni mwaka 1933, iliundwa New York kamati ya kuwatafutia nafasi wasomi hao, na Uingereza nako likaundwa baraza la namna hiyo. Miongoni mwa waliokimbia alikuwa Otto Loewi wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1936 kwa kuthibitisha kwamba neva hupeleka habari kwa njia ya kemikali. Mwaka 1938 Wanazi walimtia ndani, na hawakumruhusu kuondoka mpaka alipohamisha fedha za tuzo yake kutoka benki ya Sweden na kuziweka katika benki waliyoitawala wao. Mwaka 1940 alifika bandari ya New York, akiwa karibu kutimiza miaka 67. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika karatasi alizopewa kumkabidhi ofisa wa bandarini kulikuwa na cheti cha daktari kilichosema kuwa uzee umemchakaza na hawezi kujitafutia riziki. Alijiona amekwisha kurudishwa kwa Hitler. Ofisa akakisoma, akakipuuza, akamkaribisha.

Nimekitafakari sana kisa hiki. Mtu aliyebadili elimu ya mwili wa binadamu alisimama mbele ya mezani akiwa na karatasi mbili zinazopingana, moja ikimwita profesa na nyingine ikimwita mzigo. Maisha yake yakaning'inia katika hiari ya mtu mmoja mwenye mhuri. Tangu hapo vigezo vimeongezwa na fomu zimenenepa, lakini mtu mwenye mhuri hajaondoka.

Wengine hawakuwa hata na tundu hilo. Yellapragada SubbaRow alitoka India akafika Boston mwanzoni mwa miaka ya 1920 kusoma tiba ya nchi za joto. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Mhindi si mzungu kwa maana ya sheria ya uraia, na kwa hiyo hawezi kuwa raia. Mlango huo haukufunguliwa mpaka mwaka 1946, tena kwa kiwango cha watu 100 kwa mwaka. Katika muda huo wote SubbaRow alikuwa akifanya kazi, kwanza Harvard, kisha katika kiwanda cha dawa cha Lederle. Kutoka katika maabara alizoziongoza zilipatikana asidi ya foliki iliyotengenezwa kwa mikono ya watu, dawa za mwanzo za kupambana na saratani ya damu ya watoto, na dawa ya minyoo ya matende ambayo madaktari huiita DEC. Alifariki mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 53, bado mgeni katika nchi hiyo. Dawa yake ilifika pwani ya Kenya, ikamezwa na watu ambao hawajawahi kulisikia jina lake. Nani angethubutu kusema kazi ya mtu huyo ilikuwa kwa maslahi ya taifa moja?

Mwaka 1952, ingawa Rais Truman aliikataa kwa kura yake ya turufu, Bunge lilipitisha sheria iliyotenga nusu ya kiwango cha kila nchi kwa wenye elimu ya juu au ujuzi unaohitajiwa kwa haraka na Marekani. Hapo ndipo ombi la mtaalamu linalopelekwa na mwajiri lilipopata umbo tunalolijua. Swali likaanza kugeuka, kutoka "ametoka wapi?" kwenda "ana faida gani kwetu?" Mwaka 1965 viwango vya asili ya mtu vikaondolewa, na wataalamu na wanasayansi wakapewa fungu lao. Madaktari kutoka India, Ufilipino na kwingineko wakamiminika. Mwaka 1976 Bunge hilo hilo likatamka kwamba upungufu wa madaktari umekwisha, likaubana mlango waliopitia.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mlango unavyofunguka na kufungwa. Haukufunguliwa kwa huruma wala haukufungwa kwa chuki peke yake. Ulifuata mahitaji ya mwenye nyumba. Na hilo si kosa lake. Kila mwenye nyumba hufanya hivyo. Kosa ni letu tukidhani kwamba mlango ulipofunguka ni sisi tuliohesabiwa.

Nimetafuta katika historia hii yote mahali ambapo nchi anayotoka mtafiti imepewa sauti, nikapata pamoja tu. Mwaka 1956 iliwekwa sharti kwamba mtu aliyeingia Marekani kwa mpango wa kubadilishana wasomi arudi kwao akakae miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi. Fikira yake ilikuwa njema: amekuja kujifunza, na aende akawafunze wenzake. Baadaye, mwaka 1970, sharti likapunguzwa; likabaki kwa waliolipiwa na serikali na kwa wenye ujuzi ambao nchi zao zimetangazwa kuuhitaji. Mwaka 1976 likarudishwa kwa madaktari wote wanaokwenda kujifunza kazi hospitalini. Halafu mwaka 1994 ikaja njia ya kuwasamehe madaktari hao iwapo watakubali kufanya kazi miaka 3 katika sehemu za Marekani zenye uhaba: kwanza madaktari 20 kwa kila jimbo, leo 30. Yaani deni la daktari kwa kijiji cha kwao likawezekana kulipwa katika kijiji cha Marekani.

Sasa nieleze barua moja.

Miaka michache iliyopita niliandikiwa na mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha tangu mwaka wa kwanza, akafanya kazi katika maabara yetu, kisha akaenda Marekani kwa shahada ya uzamivu, akabaki katika utafiti wa selimundu. Wakili wake alimwambia aombe msamaha wa maslahi ya taifa. Pamoja na salamu alinitumia rasimu ya barua, imekwisha kuandikwa, imebaki sahihi yangu tu. Rasimu hiyo ilisema kwamba pasipo yeye utafiti wetu wa hapa usingefanyika, na kwamba kazi yake ni muhimu kwa sababu Marekani ina watu wapatao 100,000 wenye ugonjwa huu.

Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na hao hawakutajwa popote. Nilipompigia simu kumuuliza, alisema kwa upole, "Mwalimu, si kwamba nimewasahau. Fomu haina mahali pa kuwaweka."

Alisema kweli. Tangu mwaka 1998, uamuzi uliohusu idara ya usafirishaji ya jimbo la New York ulitaka faida ya mwombaji ienee Marekani nzima. Desemba 2016 uamuzi mwingine, wa Dhanasar, ukalegeza: kazi iwe na thamani na umuhimu wa kitaifa, mwombaji awe katika nafasi nzuri ya kuiendeleza, na ionekane kwamba kumsamehe masharti kutaifaidia Marekani. Ni kipimo chenye busara kuliko cha kwanza, na watafiti wengi wamefaidika nacho. Hata hivyo mizani ina sahani moja. Mtafiti wa malaria, kwa mfano, hana budi kueleza jinsi malaria inavyowatishia askari na wasafiri wa Marekani, katika nchi ambayo taasisi yake kuu ya kudhibiti magonjwa, ile ya Atlanta, iliasisiwa mwaka 1946 kutokana na vita dhidi ya malaria ya kwao wenyewe.

Na selimundu ni ugonjwa gani wa taifa moja? Mgonjwa wa kwanza kuelezwa katika majarida ya tiba ya Marekani alikuwa mgeni: Walter Clement Noel, kijana wa Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno Chicago. Daktari James Herrick aliandika habari zake mwaka 1910. Noel akarudi kwao kutibu watu, akafariki mwaka 1916. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye nusu ya urithi wa selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Alijuaje? Alipima damu ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki. Elimu yote ya selimundu imejengwa juu ya damu iliyovuka mipaka bila viza.

Jambo la pili lililonisumbua katika rasimu ni lile neno "pasipo yeye". Nakumbuka vizuri kazi ile. Mwanafunzi wangu alibuni namna mpya ya kuhifadhi na kuorodhesha sampuli za damu, na kwa mpango wake tuliweza kuwafuatilia watoto wale wale mwaka hadi mwaka. Hilo ni lake, na ni kubwa. Lakini alikuwapo fundi sanifu wa maabara ambaye umeme ulipokatika alibeba sampuli usiku kwenda kutafuta jokofu linalofanya kazi. Alikuwapo muuguzi aliyewajua watoto wote kwa majina. Walikuwapo akina mama waliopanda daladala mbili alfajiri na mtoto mgongoni, ili sisi tupate mililita chache za damu. Ombi la uhamiaji haliwajui watu hawa. Linataka shujaa mmoja.

Nilimwambia kwamba nitaiandika barua upya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, wakili anasema barua ikiwa na watu wengi, mimi nitapotea humo."

Nikamjibu, "Binti yangu, hutapotea. Mtu haonekani mrefu kwa kukatwa watu wengine miguu. Nitasema ulichofanya wewe, kwa tarehe na kwa vipimo, na nitasema ulikifanya katikati ya watu. Ofisa akiwa na akili ataona kuwa aliyeweza kuongoza watu katika shida kama zile ataweza popote."

Niliandika kurasa 3. Niliwataja fundi na muuguzi kwa kazi zao. Niliwataja watoto 11,000. Nilieleza kwamba dawa yoyote itakayopatikana kwa hao itawafaa pia wale 100,000, maana ugonjwa ni mmoja. Wakili hakuipenda sana, lakini aliipeleka. Ombi lilikubaliwa. Sidai kwamba ni kwa sababu ya barua yangu. Bahasha ilikuwa na barua nyingine 6.

Wako wenzangu waliokataa kabisa kuandika barua za namna hii. Husema: tumemsomesha kwa kodi ya mkulima, sasa tutie sahihi kumtoa? Siwadharau. Alipoondoka yule binti, idara ilibaki na pengo, na pengo hilo lilikaa miaka. Lakini naona kumkatalia mtu ushuhuda wa kweli ni kumfunga kamba, na sayansi ya mtu aliyefungwa kamba haizai. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha kanuni zake mwaka 2010 kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine, lilizitaka nchi tajiri zisiwavute kwa bidii wahudumu kutoka nchi zenye uhaba mkubwa, lakini pia lilikiri kwamba kila mtu ana haki ya kuhama. Mambo haya mawili ni mazito yote, na aliye mkweli hubeba yote mawili.

Tena mlango wenyewe hauna dhamana. Septemba 2025 rais wa Marekani aliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya kazi iitwayo H-1B, ambayo watafiti wengi hupitia kabla ya ukaazi. Desemba mwaka huo huo Tanzania ikatiwa katika orodha ya nchi ambazo watu wake wamewekewa vizuizi. Vigezo 10 ni vile vile, barua ni zile zile, lakini swali la mwaka 1924 limerudi kukaa mbele ya foleni: ametoka wapi?

Ndipo nikafikia wazo ambalo sikulitarajia nilipoanza kusoma. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za kurekebisha chembe za urithi kwa wagonjwa wa selimundu, moja ikiuzwa dola milioni 2.2 na nyingine dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Si rahisi tiba ya bei hiyo ifike wilayani kwetu. Itakayofika itatafutwa na mtu anayemjua mama wa daladala mbili. Mtu huyo sisi tumempata, tumemfunza, kisha tukamwachia aende akathibitishe kwa wengine kwamba anafaa.

Marekani, pamoja na ubinafsi wake wote, imejiuliza kwa maandishi: ni nani tunamhitaji, kwa kazi gani, na tuko tayari kumsamehe masharti gani ili tumpate? Imekosea mara nyingi katika kujibu, lakini imeuliza, na kuna meza ambapo jibu hupokelewa. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeombwa barua nyingi za kumwezesha mtafiti kubaki ugenini. Sijawahi kuombwa hata moja ya kumwezesha kurudi: barua inayoiambia serikali yetu kwamba huyu ana kipaji kisicho cha kawaida, apewe maabara yenye umeme wa uhakika, mshahara wa kulea watoto wake na wanafunzi wawili wa kuwafunza, kwa maslahi ya taifa.

Ikija siku nikaombwa barua hiyo, rasimu ninayo. Nitakachobadilisha ni anwani tu.